Uanze na programu au na vifaa? Njia tatu za kupanga jaribio la fizikia ukiwa Nairobi

Kila timu ndogo inapokaa kupanga jaribio, mvutano huwa uleule. Wa kompyuta wanataka kuanza kuandika programu leo hii, maana laptopu wanazo na hawaoni cha kusubiri. Wa maabara wanauliza utaandikaje programu ya kifaa ambacho hakijawahi kutoa hata mpigo mmoja. Msimamizi naye anataka ratiba mezani kwake kufikia Ijumaa, na ratiba lazima ianze na kitu.

Nimeweka njia tatu pamoja: kutanguliza programu, kutanguliza vifaa, na kuvuta uzi mmoja mwembamba kutoka kigunduzi hadi grafu kisha kuunenepesha. Ili tusiongee hewani, tuchukue jaribio ambalo linawezekana kabisa juu ya paa la chuo chochote hapa mjini, yaani kuhesabu myuoni.

Myuoni ni chembe zinazozaliwa juu angani pale miale ya kosmiki, yaani chembe kutoka anga za mbali, inapogonga hewa. Kwenye usawa wa bahari hupita takriban moja kwa kila sentimita mraba kila dakika. Zinakuja zenyewe mchana na usiku, bila malipo na bila kibali, tofauti na chanzo cha mnururisho kama sesiamu-137, ambacho kitakupeleka kwanza kwenye mamlaka ya serikali inayodhibiti mambo ya nyuklia. Vifaa vyetu ni vibao viwili vya sintileta ya plastiki, sentimita 30 kwa 30, kimoja juu ya kingine. Chembe ikipita, plastiki inatoa mwanga hafifu, kihisi cha silikoni kilichobandikwa ubavuni kinaugeuza kuwa mpigo wa umeme, saketi inaukuza, bodi inaangalia kama vibao vyote viwili vimepigwa kwa pamoja, na kompyuta ndogo inaandika saa, joto na shinikizo la hewa. Tunataka kujua hesabu inabadilikaje shinikizo la hewa linapopanda na kushuka, na kibao kinapoinamishwa.

Neno moja kuhusu mahali tulipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyo juu yetu ni pungufu na myuoni zinaongezeka kiasi. Papo hapo tuko karibu na ikweta, ambako usumaku wa dunia unazuia miale mingi yenye nishati ndogo. Mambo hayo mawili yanavutana, na ndiyo maana namba iliyo kitabuni, iliyopimwa Ulaya, haiwezi kuwa jibu lako la kunakili.

Vigezo kwanza

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote ni hiki: utajua lini kwamba umekosea? Mpango wowote una makosa ndani yake tayari. Swali ni kama yatajitokeza wiki ya pili au siku chache kabla ya kuwasilisha.

Cha pili ni pesa na vipuri. Resista, kapasita, waya, bodi za kawaida na visanduku utavipata katika maduka ya Luthuli au River Road katikati ya mji ukitembea nusu saa. Vihisi vya silikoni na plastiki ya sintileta huvipati huko. Utaagiza nje, mzigo utashukia uwanja wa ndege wa JKIA, utalipiwa VAT ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine za forodha, na kati ya ujumbe wa "mzigo umetumwa" na ule wa "njoo uchukue" kuna muda ambao hakuna mtu katika timu yako anayeuamuru.

Cha tatu ni watu. Nani anajua kulehemu, nani anaandika programu, na nani atahitimu kabla jaribio halijaisha? Timu za wanafunzi hupoteza nusu ya akili yake kila mwaka wa masomo unapofungwa.

Cha nne mara nyingi husahaulika: ukishafunga kifaa, utaweza kukirudia? Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kwa ajili ya astronomia ya miale ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na siku hiyo ya uhuru wa Kenya ndiyo iliyoipa jina. Ilipokwisha kupaa hapakuwa na fundi wa kuipandia na bisibisi. Kigunduzi cha juu ya paa unakifikia kwa ngazi. Kile cha kileleni mwa vilima vya Ngong unakifikia kwa gari na kibali cha mlinzi. Kadiri kinavyokaa mbali, ndivyo majaribio yanavyopaswa kutangulia.

Stima nayo imo, ila hiyo haichagui njia. Itakupotea katika zote tatu.

Njia ya kwanza: programu itangulie

Inavyokwenda. Unaanza na uigaji. Geant4, programu ya bure iliyozaliwa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, inakuruhusu kujenga vibao vyako ndani ya kompyuta, kuvirushia myuoni na kuona kila moja inaacha nishati kiasi gani. Hata bila hiyo, kipande kifupi cha programu ya lugha ya Python kinachotupa namba nasibu kwa kufuata kosaini mraba ya pembe kitakuonyesha ni chembe ngapi zitapenya vibao vyote viwili ukivitenganisha kwa sentimita 20, au kwa 50. Matokeo hayo unayageuza yawe faili inayofanana na ile ambayo bodi itakuja kutoa, halafu unaandika programu za kusoma, kuhifadhi na kuchora. Vihisi vikitoka forodha vinakuta programu inavisubiri.

Utajua lini umekosea. Makosa ya hesabu utayajua mapema sana. Ukiingiza matukio bandia ya kiwango unachokijua na programu ikakurudishia kiwango kingine, hitilafu ni yako na unaipata siku hiyohiyo. Utajua pia, kabla hujakata plastiki, kwamba umbali fulani kati ya vibao utakunyima matukio kiasi kwamba athari ya shinikizo la hewa itazama ndani ya mtikisiko wa kawaida wa hesabu. Kumbuka mtikisiko huo ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe: katika matukio 900 tarajia kuyumba kama 30 huku au kule bila sababu yoyote.

Lakini dunia halisi inachelewa kukuambia neno lake. Data bandia ni safi kupita kiasi. Haina mvumo wa hezi 50 unaotoka kwenye taa za korido, haina mstari uliokatika katikati. Kubwa zaidi, haina saa iliyorudi nyuma. Kompyuta ndogo nyingi za aina ya Raspberry Pi hazina saa yenye betri, kwa hiyo stima ikipotea, ikarudi, na intaneti ikachelewa, kompyuta inaamka ikidhani bado ni wakati wa zamani na kuanza kuandika matukio ya leo kwa saa ya jana. Uigaji hauwezi kukuwekea hilo kama wewe mwenyewe hukuliwaza.

Mfano mkubwa wa hatari hii ni roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 ilipotea takriban sekunde 40 tu baada ya kuwashwa. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda upande, namba moja ikazidi nafasi iliyotengewa, na mfumo ukajizima. Haikuwa imejaribiwa kwa data ya safari ya roketi ile mpya. Programu ilikuwa sahihi kwa kifaa ambacho hakikuwepo.

Pesa na vipuri. Hapa njia hii haina mpinzani. Unatumia laptopu ulizonazo, na mzigo ukikwama hakuna anayekaa bure. Zaidi ya hapo, uigaji unaweza kukuzuia kuagiza kisichofaa. Ukigundua kwamba kibao kidogo kinatosha, umeokoa fedha kabla hujalipa.

Watu. Inataka mtu mmoja walau anayeelewa fizikia na uandishi wa programu kwa pamoja. Timu ya waandishi wa programu watupu itazalisha mfumo mzuri wa kuonyesha upuuzi.

Kukirudia kifaa. Kama kigunduzi kitakaa mbali, programu iliyopimwa kwa muda mrefu ni faida kubwa, mradi umeilisha pia data chafu kwa makusudi: mistari pungufu, saa zinazoruka, kihisi cha joto kinachosema nyuzi 85 katikati ya Julai.

Inamfaa nani. Timu inayosubiri mzigo, timu yenye wanafunzi wa kompyuta wengi kuliko wa maabara, na yeyote ambaye bado hajalipia vipuri na anataka kujua kama jaribio lenyewe linawezekana.

Njia ya pili: vifaa vitangulie

Inavyokwenda. Kila kipande kinapimwa peke yake mezani kabla hakijaungwa na kingine. Usambazaji wa umeme kwanza, kisha kikuza mpigo, kisha kihisi gizani, kisha kihisi kikiwa kimebandikwa kwenye plastiki. Programu inakuja mwishoni, ikiandikiwa kifaa ambacho tabia yake imeshajulikana. Wakati wote huo unatumia daftari na osiloskopu, chombo kinachochora umbo la mpigo wa umeme kwenye skrini.

Pima kwanza hata ulichonunua dukani. Pale Luthuli utaambiwa "hii ni orijino, bosi" kuhusu kibadilisha volti chochote utakachoshika, na huenda ni kweli. Kihisi cha silikoni, hata hivyo, kinataka volti tulivu, na volti inayotikisika kidogo tu inabadilisha ukubwa wa kila mpigo. Kiwekee mzigo, kiache kwa saa moja, kitazame kwenye osiloskopu, ndipo ukiamini.

Kuna jaribio moja hapa ambalo nalipenda kwa sababu halitaki gharama. Kibao cha sintileta kinafungwa kwa foili kisha kwa tepu nyeusi, kwa kuwa mwanga wa chumba ukipenya tundu dogo kama ncha ya sindano unaufunika kabisa mwanga wa myuoni. Zimeni taa, fungeni mapazia. Mwanafunzi anawasha tochi ya simu na kuipitisha polepole kwenye kila mshono wa tepu, huku fundi wa maabara akitazama hesabu ya mipigo.

"Rudi nyuma kidogo, kijana. Hapo kwenye kona."

"Hapa, mzee?"

"Hapo hapo. Umeona inavyoruka? Ongeza tepu, uzungushe mara mbili."

Dakika 20 za kazi hiyo zinaokoa wiki za kushangaa ni kwa nini hesabu inapanda kila asubuhi dirisha linapopata jua. Angalizo: hii ni kwa vihisi vya silikoni. Kama mmepewa fotomaltiplaya za zamani, zile za bomba la kioo, msizimulike kamwe volti ikiwa juu, mtaziharibu.

Utajua lini umekosea. Makosa ya vifaa utayajua mapema, na moja moja, kila moja likiwa na jina lake. Ndio uzuri wa kupima kipande peke yake: kikikataa, hakuna wa kusingiziwa. Utagundua pia jambo ambalo uigaji wa kawaida hausemi, kwamba vihisi vya silikoni hubadilika na joto. Nyuzi zikipanda, ukubwa wa mpigo unapungua kama hukurekebisha volti. Chini ya mabati ya Nairobi, ambako saa kumi na moja alfajiri ni baridi ya koti na saa nane mchana ni tanuri, hesabu yako itapanda na kushuka kila siku kwa mpangilio wa kupendeza sana. Timu isiyojua hilo inaweza kuandika ripoti nzima kuhusu athari ya usiku na mchana kumbe inapima joto la paa.

Kinachochelewa ni makosa ya mfumo mzima. Chukua hili la kuoanisha vibao viwili, yaani kukubali tukio pale tu vyote viwili vinapopigwa kwa pamoja. Tuseme kila kimoja, kwa kelele zake chenyewe, yaani mipigo isiyotokana na chembe yoyote, kinatoa mipigo 1,000 kwa sekunde. Ukioanisha kwa saketi yenye dirisha la muda la nanosekunde 100, matukio ya uongo, ya mipigo miwili isiyohusiana iliyokutana kwa bahati tu, yatakuwa kama 0.2 kwa sekunde, na hilo linavumilika. Ukimwachia mwandishi wa programu afanye uoanishaji ndani ya bodi ndogo yenye dirisha la maikrosekunde 10, yatakuwa 20 kwa sekunde. Myuoni za kweli zinazopita kibao kimoja cha ukubwa huo kwenye usawa wa bahari ni kama 15 kwa sekunde, na zile zinazopita vyote viwili ni chache zaidi. Hapo unahesabu kelele, na kila kipande mezani kilikuwa kimefaulu mtihani wake.

Kipimo chenyewe nacho kinaweza kukudanganya. Kioo kikubwa cha darubini ya Hubble, iliyorushwa 1990, kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa kufuata umbo lisilo sahihi, kwa sababu chombo cha kukipimia kilikuwa na lenzi iliyokaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Vyombo vingine vya hadhi ya chini vilionyesha kasoro, vikapuuzwa. Wanaanga walikwenda kuirekebisha Desemba 1993. Kwa kigunduzi chetu tafsiri ni rahisi: usitegemee osiloskopu moja ya kuazima. Pima kitu kilekile kwa njia ya pili, hata kama ni duni.

Pesa na vipuri. Ni ghali zaidi mwanzoni. Unahitaji osiloskopu, au rafiki mwenye osiloskopu, na unahitaji kipuri cha akiba kwa kila kitu kilichotoka nje, kwa maana kihisi kilichoungua mezani kinakurudisha kwenye foleni ya forodha. Kama mzigo haujafika, njia hii haijaanza.

Watu. Fundi wa maabara mwenye uzoefu anastahili kuwa katikati ya mpango, na asiitwe tu kitu kikiungua. Waandishi wa programu watakaa bila kazi kwa muda mrefu, na wakianza watakuwa wanakimbizwa na kalenda.

Kukirudia kifaa. Kwa kituo cha mbali, ujuzi wa tabia ya kila kipande ni hazina, lakini programu iliyoandikwa kwa haraka mwishoni ndiyo itakayokuamsha usiku.

Inamfaa nani. Timu yenye vipuri mkononi tayari, yenye fundi, na inayojenga kitu kipya ambacho hakuna mtu amekipima kabla. Pia timu inayotaka kutoa takwimu za kutegemewa kwa miaka.

Njia ya tatu: uzi mmoja hadi mwisho

Inavyokwenda. Katika wiki za kwanza unalazimisha kitu kimoja kipite njia yote. Kibao kimoja, kihisi kimoja, kikuza mpigo cha kawaida, bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino, waya wa USB, programu ya mistari michache inayoandika saa na ukubwa wa mpigo kwenye faili, na grafu moja mbaya. Kama vihisi bado viko forodha, mahali pake unaweka Arduino ya pili inayotoa mipigo bandia kwa nyakati nasibu, na uzi unaendelea. Kisha unaongeza: kibao cha pili, kihisi cha shinikizo, kisanduku, betri. Kila nyongeza inajaribiwa ndani ya mfumo unaofanya kazi tayari.

Utajua lini umekosea. Makosa ya viungo, yaani pale kifaa kinapokutana na programu, yanajitokeza wiki za mwanzo kabisa, na katika majaribio madogo ndiko matatizo mengi yaliko. Utaona mapema kwamba bodi inatumia milisekunde 10 kuandika kila tukio na kwamba kwa kiwango cha matukio 15 kwa sekunde unapoteza kama asilimia 13 ya chembe zako kimyakimya. Hilo halionekani kwenye uigaji ambao haukuwaza kasi ya waya, wala mezani ambako osiloskopu inaona kila kitu.

Udhaifu wake ni wa kisaikolojia. Grafu ikishatoka, kila mtu anafurahi na hakuna anayetaka kurudi kupima kipande kimoja kimoja. Mfumo mzima ukiwa na kosa la kudumu, utaendelea nalo kwa utulivu. Mwezi Septemba 2011 jaribio la OPERA lilitangaza kwamba chembe za neutrino zilizosafiri kilomita 730 kutoka CERN hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia zilionekana kufika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Hesabu zilikuwa zimerudiwa kwa makini. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba kebo ya nyuzi za mwanga haikuwa imekazwa sawasawa, na saa ya mfumo nayo ilikuwa na kasoro yake. Kwa hiyo anayefuata njia hii aweke kwenye ratiba, kwa tarehe, siku za kukata uzi na kupima kila kiungo peke yake. Bila tarehe haitafanyika.

Pesa na vipuri. Kati na kati. Unaanza na vya bei nafuu vya mjini, unaagiza vya nje kidogo kidogo ukijua unachotaka. Tatizo ni kwamba kuagiza mara tatu ni kulipia usafiri na usumbufu wa forodha mara tatu. Wengine huona afadhali kuagiza mara moja na kuishi na walichopata.

Watu. Inataka watu wanaoongea. Wa programu na wa vifaa wanakaa meza moja na kuvurugiana kazi kila siku. Timu ambayo nusu iko kampasi ya Chiromo mjini na nusu iko Juja nje ya mji, ikikutana kwa simu Jumamosi, itateseka.

Kukirudia kifaa. Njia hii imejengwa juu ya kurudi na kugusa tena. Juu ya paa ni sawa kabisa. Kwa kituo cha mbali, malizia uzi wote mjini, uache ukimbie kwa wiki kadhaa bila mkono wa mtu, ndipo uuhamishe.

Inamfaa nani. Timu ndogo yenye watu wa pande zote mbili, kifaa kilicho karibu, na msimamizi anayetaka kuona kitu kabla ya kutoa fedha zaidi.

Kuna njia ya nne, ya kununua kigunduzi kilicho tayari pamoja na programu yake. Sitaichambua. Kwa somo la kidato cha nne ni sawa. Kwa mradi ambao lengo lake ni kujifunza kujenga, umenunua jibu.

Yanayobaki palepale

Njia yoyote utakayoshika, kuna karatasi moja inayoandikwa wiki ya kwanza: faili ya data itakuwa na safu gani, kwa mpangilio gani, kwa vipimo gani. Shinikizo ni hektopaskali au milimita za zebaki? Saa ni ya Afrika Mashariki au ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu? Chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea 1999 kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa pauni na ya upande wa pili ikazisoma kama nyutoni. Karatasi hiyo itiwe sahihi na wa vifaa na wa programu, na mtu akitaka kuibadilisha aitishe kikao.

Na lipo jaribio la kung'oa plagi. Mfumo ukiwa unaandika data, ng'oa plagi ukutani bila kuaga. Irudishe. Angalia ni faili gani imeharibika, matukio mangapi yamepotea, saa inasemaje, na kama mfumo umeanza wenyewe au unasubiri mtu aje kubonyeza kitufe. Fanya hivyo kabla ya mvua za Aprili, maana zikianza, ng'oa-ng'oa hiyo utafanyiwa. Betri ya kushikilia kwa nusu saa ni nzuri, ila mfumo unaoamka wenyewe vizuri una thamani kuliko betri.

Programu ziwekwe kwenye Git, mfumo wa kutunza kila toleo la programu, tangu siku ya kwanza, hata kama ni mistari kumi. Daftari la maabara libaki la karatasi, lenye tarehe, mezani pa kila mtu.

Uko katika hali gani?

Kama umelipia vihisi na bado hujui vitatoka lini forodha, anza na programu. Tumia muda huo kuandika uigaji na kutengeneza data chafu ya kuitesa programu. Siku mzigo unapofika, jizuie kuunga kila kitu jioni hiyohiyo. Wiki moja ya mezani, pamoja na lile jaribio la tochi, itakufaa zaidi.

Kama umerithi vibao na vihisi kutoka kwa timu iliyohitimu, bila maelezo yoyote, tanguliza vifaa. Hujui nini kimeungua na nini kimefungwa vibaya, na programu ya waliotangulia, hata ikiwa nzuri, iliandikiwa hali ambayo huenda haipo tena.

Mradi wa mwaka wa mwisho wenye miezi michache na mwanafunzi mmoja au wawili unakwenda vizuri zaidi na uzi mmoja. Punguza lengo: kibao kimoja kinachohesabu na kuandika shinikizo la hewa kwa mwezi mzima bila kukatika kinatosha kuandikia ripoti, na uoanishaji wa vibao viwili ubaki kwa atakayefuata.

Kituo cha mbali, iwe Ngong au shule ya bweni kaunti nyingine, kinataka mchanganyiko: vifaa kwanza hadi ujue tabia zake za joto, halafu uzi mzima ukimbie mjini bila kuguswa, na tarehe ya kuhamisha isogezwe mbele kila unapolazimika kuugusa.

Timu kubwa yenye vyuo viwili au vitatu ina tatizo la mawasiliano kuliko la fizikia. Hapo programu itangulie, kwa sababu programu na faili bandia zinaweza kugawanwa kwa mtandao wakati kifaa kiko mahali pamoja. Fundi apewe kura sawa na ya profesa katika kikao cha kupanga.

Na kama fedha zenyewe bado zinaombwa, fanya uigaji wa siku chache, kisha vuta uzi kwa vipande vya Luthuli na mipigo bandia. Anayetoa fedha akija, awekewe mezani grafu inayojichora mbele yake, na pembeni karatasi ya kurasa mbili inayosema ni kihisi kipi kinaagizwa, kinapimwaje kikifika, na ni nani atakayekipima.